Mazimwi, Wachawi na Maandiko: Historia ya Pingamizi za Kidini dhidi ya Fasihi ya Kifantasia ya Watoto

Utangulizi

Ni nadra mwalimu wa fasihi kufundisha miaka mingi bila ya kuulizwa swali hili, ama na mzazi ama na mwanafunzi mwenyewe: kwa nini tusome ngano za mazimwi, majini na wachawi ilhali dini yetu inayakataza mambo hayo? Swali hili halifai kupuuzwa wala kufanyiwa kejeli. Anayeliuliza aghalabu hana nia ya kulidharau somo. Ana hofu, na hofu hiyo ina historia ndefu kuliko yeye mwenyewe anavyodhani.

Katika makala haya, mpendwa msomaji, tunanuia kuifuata historia hiyo kutoka Uingereza ya karne ya kumi na saba hadi Marekani ya wakati wetu, kisha tutazame inatufunza nini sisi tunaofundisha Kiswahili. Dai letu ni kwamba pingamizi hizi hazijawahi kuwa kitu kimoja. Miaka mia mbili iliyopita waumini walizikataa hekaya za watoto kwa kuwa waliziona ni uongo. Mwishoni mwa karne ya ishirini waumini wengine walizikataa kwa kuwa waliona zina ukweli wa kutisha ndani yake. Mwalimu asiyezitofautisha hofu hizi mbili atajikuta akijibu swali ambalo hakuulizwa.

Kwa fantasia tuna maana ya bunilizi ambamo mambo yasiyowezekana katika maisha ya kawaida, kama vile wanyama kusema au watu kugeuka mawe, huchukuliwa kuwa ya kawaida ndani ya ulimwengu wa hadithi. Kwa maana hiyo hurafa na ngano zetu za mazimwi zimo ndani ya fungu hili, sawa na riwaya ndefu za kisasa.

Hofu ya Uongo

Mwaka 1693 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alichapisha maoni yake kuhusu malezi. Miongoni mwa mengine, aliwaonya wazazi wasiwaache watumishi kuwasimulia watoto habari za mizuka na majitu ya gizani, kwani mtoto aliyetishwa hivyo huogopa giza hata ukubwani. Zingatia kwamba Locke hakusema mizuka itamdhuru mtoto. Kinachomdhuru, kwa maoni yake, ni kuamini kitu kisichokuwapo.

Mtazamo huo uliingia hata katika sheria. Sheria ya Uchawi ya Uingereza ya mwaka 1735 iliondoa kosa la kuwa mchawi. Badala yake, ikawa kosa mtu kudai kwamba ana nguvu za uchawi. Kwa mtunga sheria, mchawi alikuwa tapeli.

Katika mazingira hayo ndipo alipotokea Sarah Trimmer (1741-1810), mwanamke wa Kanisa la Kianglikana aliyejitolea kuanzisha shule za Jumapili kwa watoto wa maskini. Kati ya mwaka 1802 na 1806 alitoa jarida liitwalo The Guardian of Education, ambalo lilihakiki mamia ya vitabu vya watoto. Jarida hilo lilizitilia shaka hekaya za kale. Cinderella, kwa mfano, ililaumiwa humo kwamba inawafunza watoto wivu, chuki kwa mama wa kambo na kupenda mavazi ya fahari.

Hata hivyo, Trimmer huyo huyo aliandika kitabu cha watoto chenye ndege wanaozungumza! Kitabu hicho, Fabulous Histories, kilitoka mwaka 1786, nacho kina familia ya ndege wadogo wanaoonyana na kushauriana kama wanadamu. Aliwezaje kuyapatanisha mambo haya mawili? Alitanguliza maelezo kwamba wasomaji wasiyachukue mazungumzo hayo kuwa maneno halisi ya ndege, bali wayachukue kuwa hurafa zenye mafunzo. Akiisha kuuweka mpaka kati ya kweli na bunilizi, dhamiri yake ilitulia.

Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tunaujua mpaka huo. Fanani anapotamka "Paukwa!" na hadhira ikaitikia "Pakawa!", wamekubaliana kwamba wanatoka katika maisha ya kawaida na kuingia katika ulimwengu wa hadithi. Fomyula ya kumalizia huwarejesha. Maelezo ya Trimmer yalifanya kazi ambayo fomyula ya mwanzo hufanya. Tofauti ni kwamba yeye alihitaji aya nzima.

Wengine hawakuridhika na mpaka. Mwaka 1820 Mary Martha Sherwood, mwandishi wa Kiinjilisti, aliuandika upya The Governess, kitabu cha mwaka 1749 cha Sarah Fielding kilichohusu wasichana wa shule. Hekaya za ajabu zilizokuwa katika kitabu cha awali aliziondoa, na nafasi zao zikachukuliwa zaidi na visa vya mafunzo ya dini. Mtoto, kwa maoni ya waandishi wa aina hii, hana muda wa kupoteza kwa mambo yasiyokuwapo.

Makasisi Wanaandika Hekaya

Lau historia ingeishia hapo, tungesema kwamba dini na fantasia ni mafuta na maji. Lakini angalia kilichotokea baadaye katika karne hiyo hiyo. Mwaka 1863 The Water-Babies kilichapishwa kama kitabu, nacho kinasimulia habari za mvulana mfagiaji wa mabomba ya moshi anayegeuka kuwa kiumbe wa majini. Mwandishi wake, Charles Kingsley, alikuwa kasisi wa Kianglikana. Mwaka 1865 kikatoka Alice's Adventures in Wonderland cha Lewis Carroll, ambaye kwa jina lake halisi ni Charles Dodgson, shemasi aliyewekwa wakfu mwaka 1861. Mwaka 1872 ikafuata riwaya ya The Princess and the Goblin ya George MacDonald, aliyewahi kuwa mchungaji wa kanisa.

Kwa hiyo miongoni mwa waasisi wa riwaya ya kifantasia ya watoto kwa Kiingereza walikuwamo watumishi wa kanisa. Walikuwa na hoja yao: imani yenyewe humtaka mtu aamini yasiyoonekana kwa macho, na mtoto aliyenyimwa uwezo wa kustaajabu atayaaminije?

Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana, aliwasili Zanzibar mwaka 1864. Mwaka 1870 alichapisha mjini London Swahili Tales, mkusanyiko wa ngano alizosimuliwa na wenyeji. Humo mna paa anayepigana na nyoka wa vichwa saba, mna sultani wa nyoka, na mna paka anayekua hadi kuwa Nunda mla watu. Miaka minne baadaye, mwaka 1874, Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu. Mtu aliyekuja kuhubiri Injili, na aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, ndiye aliyetuhifadhia kwa maandishi baadhi ya ngano hizo za ajabu. Kadhalika, mwaka 1940 hadithi ya Alice ilipotolewa kwa Kiswahili kwa jina Elisi katika Nchi ya Ajabu, mchapishaji alikuwa Sheldon Press, tawi la shirika la Kianglikana la kueneza maarifa ya Kikristo.

Karne ya ishirini ilipofikia katikati, waandishi wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford waliukamilisha mwelekeo huu. J.R.R. Tolkien, Mkatoliki mcha Mungu, alichapisha The Hobbit mwaka 1937. Rafiki yake C.S. Lewis, Mwanglikana aliyewahi kuikana dini kisha akairudia, alichapisha The Lion, the Witch and the Wardrobe mwaka 1950. Katika mhadhara wake wa mwaka 1939 kuhusu hekaya, Tolkien alitetea wazo kwamba mwandishi anapobuni ulimwengu anashiriki, kwa kiwango chake kidogo, katika kazi ya Muumba. Kwa maelezo hayo fantasia ikawa karibu na ibada.

Hofu ya Ukweli

Je, imekuwaje basi kwamba mwisho wa karne hiyo hiyo vitabu vya kifantasia vilichomwa moto kwa jina la dini?

Sababu moja ni mabadiliko katika dini yenyewe. Makanisa ya Kipentekosti, ambayo uamsho wa Azusa Street mjini Los Angeles wa mwaka 1906 ulichangia sana kuyaeneza, yalihimiza imani kwamba pepo, laana na vita vya kiroho ni mambo halisi ya kila siku. Imani kama hizo zikapata nguvu miongoni mwa Wakristo wengine pia. Kufikia miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na wimbi la hofu kuhusu ibada za shetani. Kwa muumini wa aina hii, mchawi si tapeli kama alivyokuwa kwa sheria ya mwaka 1735. Mchawi yupo, na Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inamkataza muumini kushirikiana naye. Hadithi ya uchawi basi si uongo unaopoteza muda. Ni mlango ulioachwa wazi.

Mfano wa mapema ni kesi ya Mozert iliyotokana na mgogoro ulioanza mwaka 1983 katika Kaunti ya Hawkins, jimbo la Tennessee. Wazazi Wakristo walivipinga vitabu vya kusoma vya shule, na miongoni mwa walivyovilalamikia ni hadithi ya The Wizard of Oz kwa sababu ina mchawi mwema. Kwao, mchawi mwema ni kitu kisichowezekana. Mwaka 1986 mahakama ya kwanza iliwakubalia watoto wao wasihudhurie masomo hayo. Mwaka 1987 mahakama ya rufani ikaubatilisha uamuzi huo, ikisema kwamba kusoma wazo si sawa na kulazimishwa kuliamini.

Kisha akaja Harry Potter. Riwaya ya kwanza ya J.K. Rowling ilitoka Uingereza mwezi Juni 1997 na Marekani mwaka 1998. Chama cha Maktaba cha Marekani, ambacho huweka rekodi za vitabu vinavyotakiwa kuondolewa, kiliuweka mfululizo huu juu ya orodha yake kwa miaka minne mfululizo, kuanzia mwaka 1999 hadi 2002. Mnamo tarehe 30 Desemba 2001 kanisa moja la Alamogordo, New Mexico, lilivichoma vitabu hivyo hadharani. Mwaka 2002 bodi ya elimu ya Cedarville, Arkansas, iliamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba mwanafunzi asiviazime maktabani bila ya idhini ya mzazi. Familia moja ilikwenda mahakamani, na mwaka 2003 jaji wa mahakama ya shirikisho akaamuru virudishwe rafuni. Mwaka 2002 vitabu hivyo vilipigwa marufuku pia katika shule za kibinafsi za Muungano wa Falme za Kiarabu.

Kwa nini Potter asumbuliwe kuliko Narnia ya Lewis, ambayo nayo ina uchawi? Hapa uhakiki wa kifasihi una jibu lake. Katika Narnia mtoto huvuka mpaka ulio wazi: huingia kabatini, akatokea katika nchi nyingine kabisa. Katika riwaya za Rowling uchawi umo katika Uingereza ya leo. Garimoshi la kwenda shule ya uchawi huanzia katika stesheni ya King's Cross, stesheni halisi ya London, na mtoto huenda kusoma uchawi kama somo, akiwa na vitabu, walimu na mitihani. Mpaka upo, lakini ni ukuta mmoja mwembamba wa stesheni. Walalamishi walichokiona, hata kama hawakukitaja kwa istilahi zetu, ni suala la mandhari na fomyula. Walihisi kwamba "Paukwa" haikusikika vya kutosha.

Uislamu nao una hali yake ya pekee. Mwislamu hawezi kuzipinga hekaya kwa hoja kwamba majini hawapo, kwani Kurani ina sura nzima, ya 72, inayoitwa kwa jina lao. Pingamizi lake huelekezwa kwa sihiri, ambayo imelaaniwa katika Surat al-Baqara, aya ya 102. Hivyo basi hadithi yenye jini ikasimuliwa baada ya sala bila ya tatizo, ilhali hadithi inayomsifu mlozi ikakataliwa.

Waumini Hawakuwa Upande Mmoja

Usije ukadhani, msomaji, kwamba katika mgogoro huu waumini wote walikuwa upande mmoja na wapenda vitabu upande wa pili. Mwezi Januari 2000 jarida maarufu la Kiinjilisti la Marekani, Christianity Today, lilichapisha tahariri ya kuviunga mkono vitabu vya Potter. Mwaka 2003 kasisi mmoja wa Vatikani alieleza mbele ya wanahabari kwamba havina ubaya. Mwaka uo huo Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye mwaka 2005 alikuja kuwa Papa Benedict XVI, alimwandikia mhakiki mmoja wa Kijerumani barua ya kumuunga mkono katika tahadhari zake kuhusu vitabu hivyo hivyo. Kanisa moja, mwaka mmoja, kauli mbili.

Riwaya ya saba ilipotoka mwezi Julai 2007, wasomaji walikuta mafungu ya Agano Jipya yameandikwa juu ya makaburi, na shujaa anayejitoa afe kwa ajili ya wengine. Bado upinzani haukuisha. Mwaka 2019 makasisi wa Gdańsk, Poland, walichoma vitu walivyoviona vya kishirikina, vikiwamo vitabu vya Potter na kinyago cha mbao, kisha wakaomba radhi. Mwaka huo huo shule ya Kikatoliki ya St. Edward mjini Nashville, Marekani, iliviondoa vitabu hivyo maktabani.

Madeleine L'Engle alipata masaibu ya aina yake. Riwaya yake A Wrinkle in Time ya mwaka 1962 ilishinda tuzo ya Newbery mwaka 1963. Mwandishi alikuwa Mkristo aliyejitolea, na imani yake inaonekana wazi kitabuni, lakini kwa miaka mingi Wakristo wengine walidai kiondolewe shuleni. Miongoni mwa sababu zao ni kwamba kinamtaja Yesu sambamba na wasanii na wanafalsafa.

Kuna pia pingamizi la aina nyingine kabisa. Philip Pullman, asiyeamini kuwapo kwa Mungu, alichapisha Northern Lights mwaka 1995, ikiwa ya kwanza katika riwaya tatu zinazoishutumu mamlaka ya kanisa waziwazi. Filamu yake ilipotoka mwaka 2007, shirika la Kikatoliki la Marekani liitwalo Catholic League liliwahimiza watu waisusie. Hawa hawakuogopa uongo wala uchawi. Waliisoma hoja ya mwandishi na kuikataa. Kwa kiwango fulani huo ni uhakiki.

Funzo kwa Mwalimu na Mtahiniwa

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wanaopinga na wanaotetea wote huushikilia ukweli huo: wote wanaamini kwamba hadithi humjenga mtoto. Mwalimu akianzia hapo, ameshapata pa kukutana na mzazi.

Hatua ya pili ni kulitambua pingamizi. Anayesema ngano ni uongo anahitaji kuelezwa kuhusu fomyula, ishara na mafumbo. Anayesema ngano zinafunza tabia mbaya anahitaji kuonyeshwa maadili yanayojitokeza mwishoni mwa masimulizi. Anayesema ngano inaidharau dini yake anastahili kusikilizwa kwa makini, kwani huenda ameisoma vizuri. Anayeuogopa uchawi kwa kuwa anaamini upo ndiye mgumu zaidi, na hapa kwetu ndiye wengi wetu tutakayekutana naye.

Usimjibu huyu kwa kumcheka. Kenya ina Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1925. Mwezi Mei 2008 watu 11 waliuawa kwa kuchomwa eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi, na katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Katika nchi ambayo neno "mchawi" linaweza kumwua mtu, hadithi ya mchawi si mchezo mtupu.

Lakini tazama swali ambalo historia tuliyoisimulia haikuliuliza. Walalamishi wa Tennessee na Arkansas waliuliza iwapo hadithi itamfanya mtoto awe mchawi. Sisi tuna sababu ya kuuliza iwapo hadithi itamfunza mtoto kumtafuta mchawi. Ngano inayompa kila mchawi sura ya ajuza mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake, inamchorea mtoto picha ya jirani yake. Suala hili linahusu usawiri wa wahusika, na darasa la fasihi lina uwezo wa kulijadili. Muulize mwanafunzi: nani anatuhumiwa katika ngano hii, na kwa ushahidi gani? Mzazi mcha Mungu ataiona faida ya swali hilo upesi, kwani kumshuhudia jirani uongo ni dhambi katika dini yake.

Nawe mtahiniwa, jihadhari na mitego miwili unapoulizwa dhima ya mambo ya ajabu katika ngano. Ukiandika kwamba ngano ni za kishetani, umetoa hukumu ya imani bila kuihakiki kazi. Ukiandika kwamba wahenga walikuwa wajinga waliodanganyika, umerudia kauli ya karne ya kumi na nane. Mrejee Nunda katika mkusanyiko wa Steere. Paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo, na watu wanalalamika, lakini sultani anamtetea kwa kuwa ni wake. Paka anakua, anakula watu, hatimaye anawala wana wa sultani mwenyewe. Uajabu wa paka huyo unabeba dhamira: usipoziba ufa utajenga ukuta, na kiongozi anayemlea mhalifu kwa kuwa ni wake ndiye atakayemlilia mtoto wake. Ukiliandika hilo na kulithibitisha kwa matukio ya ngano, umejibu swali.

Hitimisho

Tumeona kwamba Trimmer alihofia mtoto ataamini kisichokuwapo, na kwamba wachomaji wa Alamogordo walihofia mtoto atakifikia kilichopo. Kati yao tumewakuta kasisi, shemasi na askofu waliokusanya na kutunga hekaya bila ya kuiacha imani yao. Mjadala wenyewe haujafungwa. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakubalia kwa muda wazazi wa kaunti moja ya Maryland haki ya kuwatoa watoto wao darasani, kwa sababu za kidini, wakati wa kusomwa baadhi ya vitabu vya hadithi kuhusu jinsia na mapenzi ya jinsia moja.

Kwa hiyo mzazi atakapokuja na swali lake, mkaribishe kiti, msomee ngano yote hadi mwisho, kisha mwulize ni sehemu gani inayomtia hofu. Akiitaja, mtakuwa tayari mnafanya uhakiki wa fasihi pamoja.